Tunauziwa chenga kwa bei ya movie orijino

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu, nimekaa nalo toka mwezi wa saba na mke wangu kashachoka kunisikiliza.

Mama mkwe wangu alikuja kututembelea hapa Uyole akitokea Tukuyu, na mnajua baridi ya Mbeya mwezi wa saba, mtu hatoki nje, ni jiko la mkaa na tv basi. Sasa yule mama anapenda Bongo movie kuliko chakula. Nikasema ngoja nimfurahishe, nikapanda daladala mpaka Mwanjelwa nikanunua movie mpya orijino kabisa, kava linang'aa, stempu ya TRA, wale watu wa kodi, imebandikwa, elfu tatu nikatoa. Muuzaji akanitestia pale pale kwenye kitv chake cha chogo inchi 14, picha safi, nikaridhika nikarudi nyumbani kifua mbele.

Kufika home naweka kwenye deki, tv yangu ni flati inchi 43, jamani. Chenga tupu. Mtu akitikisa mkono unaona mistari mistari kama meno ya kitana, wakiingia scene ya usiku ukuta wote unageuka vimiraba vyeusi vinacheza cheza, na watu wote wamevutwa kwa pembeni wamekuwa wanene, hata yule dada mwembamba unayemjua. Mama mkwe akaangalia weee mwisho akaniuliza, "Baba, huyu anayelia ni yule mke mkubwa au ni dada wa kazi?" Na sura imejaa skrini nzima hapo! Nilijisikia aibu kama vile mi ndo nimeishuti.

Nikajua labda deki yangu imezeeka. Kijana wangu yupo chuo hapa MUST, alikuja wikiendi nikampa ile CD aifungue kwenye laptop yake. Ndo nikapata hasira yenyewe. Dogo akanionyesha kwamba ile ni DVD, ina uwezo wa kubeba GB 4.7, lakini movie iliyowekwa humo haifiki hata MB 700, yani diski karibu yote ipo tupu! Akaniambia baba hii wameichukua kutoka kwenye VCD, zile diski za zamani kabla ya DVD, wakaihamishia hivo hivo. VCD picha yake ni vinukta 352 kwa 288, DVD ni 720 kwa 576, piga hesabu mwenyewe, ni mara nne. Kwahiyo nimeuziwa robo ya picha, halafu ile robo ikavutwa ikajae flati yangu, lazima itoke kama imelowa.

Na ile mistari ya kitana nayo akanielewesha. Video za zamani zinarekodiwa nusu nusu, mistari ya shufwa na ya witiri inapokezana mara 50 kwa sekunde, tv ya chogo inachora hivo hivo kwahiyo huoni kitu, ila flati inazionyesha zote kwa pamoja, sasa kama aliyeandaa diski alizichanganya vibaya wakati wa kubana video ndo unapata kitana. Hapo nikaelewa kwanini pale Mwanjelwa, kwenye kile kichogo kidogo, ilionekana safi. Simlaumu sana yule muuzaji, nae anatafuta ugali wake, lakini naanza kuamini hata huko wanakoandaa wanatestia kwenye chogo.

Najua kuna watu watanijibu kwamba kamera zetu ndo mbovu, Bongo movie hazina bajeti. Sikubali. Trela ya movie hiyo hiyo ipo YouTube, nimeiangalia kwa simu, safi, unaona mpaka jasho la mtu. Kwahiyo kamera ilichukua vizuri, picha imeuliwa njiani. Tena hata zile movie za zamani zilizoshutiwa na kamera za mkanda mdogo wa DV, ule mkanda ulikuwa unarekodi 720 kwa 576, saizi ile ile ya DVD. Maana yake DVD ingeweza kutupa karibu kila kitu ambacho kamera iliona. Kwanini basi zile za kina marehemu Kanumba tunazouziwa mpaka leo zina chenga? Ile mikanda mama ipo wapi, ipo kabatini kwa mtu au ilishafutwa ikarekodiwa harusi? Wenzetu wa nje wanatoa filamu ya miaka ya 60 stoo wanaiskani upya inatoka kama imeshutiwa jana, sisi ya 2008 tu inaonekana kama ya enzi za mkoloni.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza chenga tunazijua, tulikuwa tunakaa kwenye mabenchi tunaangalia kaseti ya VHS iliyodurufiwa mpaka rangi zimeisha, tunashangilia tu. Ila pale ulilipa shilingi 50 na ulijua unachokipata.

Sasa hivi mtu akienda na flashi yake kwa vijana wa kuingiza movie anaitwa mwizi wa kazi za wasanii, na ni kweli sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo na wasanii wanaumia, sibishi. Lakini mtu wa flashi ananipa picha inayoonekana na mwenye orijino ananipa ukungu, sasa mi mnunuzi mnanisukumia upande gani? Hizi stempu zilipoanza 2013 tuliambiwa zitatusaidia kujua orijino na feki, sawa, ila stempu inasema kodi imelipwa, haisemi kama picha inaonekana. Bodi ya Filamu nao wanatuambia movie ni ya umri gani. Hakuna anayeiweka kwenye tv ya kawaida ya mwaka huu akaangalia dakika kumi kabla haijaingia sokoni. Mimi hilo tu ndo naomba, na diski ikiwa mbovu nirudishiwe changu, maana nilivyorudi dukani nikaambiwa mzee ukishafungua nailoni ndo basi.

Jana mama mkwe kapiga simu kutoka Tukuyu anauliza part two imetoka? Nimemwambia bado mama, nikiiona nitakununulia. Imetoka. Ipo pale Mwanjelwa toka wiki iliyopita, kava linang'aa kuliko la kwanza.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya