Picha ya bibi yako usiibandue

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, ila mguu wa baba yako bado unavimba jioni.

Kaka yako kaniambia Jumamosi unakuja kuichukua picha ya bibi mzaa baba uende nayo Dar ikatengenezwe. Njoo, nyumba yako. Ila usiibandue kwenye kioo. Nakujua kwa pupa. Unyevu wa huku pwani umeshaigandisha, ukiivuta sura itabaki kiooni nawe utabaki na karatasi. Fundi aiskani hivyo hivyo na kioo chake, nukta 600 kwa inchi zinatosha. Akikwambia yeye ni mzoefu wa kubandua, mshukuru, uondoke.

Ile nakala yake uliyoipitisha kwenye programu ya simu ya kutengeneza picha nimeiona. Shangazi zako walilia kwa furaha, nikanyamaza. Sasa nasema. Bibi yako kafumba mdomo kwenye picha ile, yale meno yametoka wapi? Kipini cha puani kimefutwa, kimedhaniwa doa. Na kanga imetiwa kijani! Kanga ile ni kisutu, nyekundu na nyeusi na nyeupe, kajitanda siku ya harusi yake. Picha haina rangi, lakini kisutu nani asiyekijua? Mtaa mzima nimewaonyesha, nikasema mwanangu ndiye fundi. Basi ihifadhi, ila usiitundike ukutani ukawaambia wanao kuwa huyo ndiye.

Nyingine zimo kwenye kopo la biskuti. Majina yaandike nyuma, pembeni, kwa penseli laini. Kalamu ya wino hutokeza mbele. Usizipige laminesheni. Wala usinitumie kwa WhatsApp ukadhani umehifadhi, inazibana. Tia kwenye flashi mbili, moja akae nayo kaka yako.

Na mtu asikushauri uifute picha kwa kitambaa kibichi. Ile ya babu yako shambani kwa mkonge, isiyo na uso, miaka yote tumesema ni mende. Mende walikula pembe. Utando wa picha za zamani ukilowa hulainika kama uji, na Idi ile nilikuwa na haraka na usafi wangu. Baba yako hajui, na si lazima ajue.

Kwenye basi ipakate, usiitie kwenye buti. Nimekutengea kipande cha godoro na kanga kuukuu ya kuifungia. Kioo kikipata ufa, usiguse chochote, nipigie.

Bati la jikoni linavuja tena, fundi anataka hela kabla ya kupanda. Umeme nimenunua wa elfu tano, umekwisha kwa siku nne, sijui friji ile ina nini. Uje na dawa ya baba yako ya presha, hapa dukani imeisha. Na ule mfuko wangu wa ukili uliokwenda nao mara ile, urudishe.

Mama yako