Barua kwa Mwanangu: Mkulima Huru na Shamba Lake

Mwanangu mpendwa,

Umeniandikia kwamba katika Uingereza ya zama za kati mkulima huru alikuwa na mali, mtwana, yaani mkulima aliyefungwa chini ya bwana mwenye ardhi, alikuwa fukara, na kwamba hiyo ndiyo tofauti yao. Hapo sikubaliani nawe. Mtwana mwenye ekari 30 aliweza kushiba kuliko jirani yake huru mwenye ekari 3, ambaye alilazimika kufanya vibarua ili watoto wapate mkate. Kilichowatenganisha hasa ni mahali ambapo kila mmoja angepeleka shauri lake shamba linapoporwa.

Baada ya Wanormani, wavamizi kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka nchi mwaka 1066, ardhi yote ilihesabiwa kuwa imetoka kwa mfalme, hivyo hata aliye huru alishika shamba lake chini ya mtu mwingine. Masharti yake, hata hivyo, yalikuwa mepesi na yalijulikana: kwa kawaida kodi ya fedha isiyopanda ovyo, na pengine siku chache za kusaidia mavuno. Mtwana aliweza kudaiwa siku mbili tatu za kazi kila wiki katika shamba la bwana, pamoja na ada ya kumwoza binti yake. Naye alipofariki, bwana alichukua mnyama wake aliye bora.

Mwaka 1176, Mfalme Henry II aliweka utaratibu ambao mimi naupenda sana. Mrithi wa mtu huru akinyimwa ardhi ya baba yake, watu 12 wa eneo hilo waliulizwa maswali machache tu katika mahakama ya mfalme: je, marehemu alikuwa ameishika ardhi hiyo siku aliyofariki, na je, huyu anayedai ndiye mrithi wake wa karibu? Mtwana akithubutu kumshtaki bwana wake katika mahakama hiyo, bwana alijibu kwamba huyo ni mtwana wake, na likithibitika hilo, shauri lilikwisha, akabaki na baraza la bwana yuleyule. Ndiyo maana watu waligombania sana hadhi ya kuwa huru, hata ndugu wa damu wakaletwa mahakamani ili ijulikane ukoo ni wa watwana au wa watu huru.

Uhuru huo nao ulikuwa na gharama yake. Huko Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, ambako wenyeji wote walihesabiwa kuwa huru, wana wa kiume waligawana sawa ardhi ya baba yao, na vizazi vichache vilitosha kuligeuza shamba kuwa vipande. Tena sheria ya mwaka 1290 ilimruhusu mwenye ardhi huru kuiuza bila ridhaa ya bwana, mradi mnunuzi ashike nafasi yake. Ruhusa nzuri, lakini mwenye njaa huuza kwa bei yoyote.

Baada ya tauni ya 1348 na 1349 kupunguza watu, mabwana wakawa ndio wanaotafuta wakulima. Taratibu wazao wa watwana wakaanza kulipa fedha badala ya kazi, wakipewa nakala ya kumbukumbu za baraza kuwa ushahidi wa mashamba yao. Lakini ilipita zaidi ya karne moja kabla ya mahakama za mfalme kuilinda nakala hiyo.

Mzazi wako akupendaye.