Barua ya malalamiko: nimefungiwa nje ya kompyuta yangu mwenyewe

Makorora, Tanga

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

YAH: PROGRAMU YENU YA KUREKODI SAUTI KUKATAA KUFUNGUKA NA KUSHIKILIA KAZI ZANGU

Ndugu Meneja, habari za kazi. Mimi ni mteja wenu tangu 2021 na hii ni mara ya nne nawaandikia. Mara mbili za mwanzo nilijibiwa na ile mashine ya kwenye chati, asante kwa kuwasiliana nasi, alafu kimya. Mara ya tatu mtu mmoja akaniandikia mistari minne ambayo ndo imenifanya nikae chini leo niandike yote, naomba tu isomwe na binadamu hii barua mpaka mwisho.

Kazi yangu ni kutoa sauti kwenye kaseti za zamani na kuziingiza kwenye kompyuta. Nafanyia nyumbani, chumba cha uani. Tanga hii kaseti zimejaa majumbani kwa watu, za harusi, za maulidi, za taarabu zilizopigwa uani usiku kucha miaka ya 80, na kaseti hazina maisha marefu na joto letu la pwani, utepe unaota ukungu, unanatana, ukiuweka kwenye redio unaweza ukaimba mara moja tu ndo ukakatika moja kwa moja. Yaani mara nyingi nafasi ni moja, unacheza unarekodi, ukikosea ndo basi tena.

Ndivyo ilivyokuwa kaseti ya marehemu bibi yangu mzaa baba. Ni harusi ya shangazi, 1987, Ngamiani, bibi anaongoza vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusini, unasikia pembe zinagongwa na wanawake wanaitikia na katikati kuna mtoto analia alafu bibi anacheka huku anaimba. Hatuna sauti yake nyingine popote. Mwaka jana niliicheza kaseti ile kwa mikono inayotetemeka, upande wa kwanza ukaingia wote, upande wa pili ukakatika dakika ya kumi na kitu, nikauunga kwa selotepu ukakatika pembeni, nikajua yale yaliyoingia kwenye kompyuta ndo hayo hayo. Nikaseivu kazi kwenye programu yenu kwa sababu nilikuwa sijamaliza kuondoa mikwaruzo. Faili la kazi la programu yenu halifunguki na kitu kingine chochote duniani isipokuwa programu yenu. Hilo wakati ule halikunisumbua akili kabisa, nilikuwa nimelipia.

Machi mwaka huu umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, mazabodi, ile bodi kuu ya ndani ya kompyuta, ikaungua. Diski salama. Fundi wangu wa Barabara ya 8 akahangaika akanipatia mazabodi ya mtumba inayoendana, akafunga, kompyuta ikawaka, picha zipo, barua zipo, programu zote zikafunguka isipokuwa ya kwenu. Ya kwenu ikaandika kwamba hii ni kompyuta nyingine na laiseni yangu imeshatumika mara tatu, haiwezekani tena.

Nikamuuliza fundi inakuwaje akanieleza taratibu, kwamba programu kama yenu ikiingia inachukua namba za vifaa vya ndani, ya mazabodi, ya diski, ya kadi ya mtandao, inazichanganya inapata alama moja kama dole gumba, alama inakwenda kwenye seva yenu, yaani kompyuta yenu ya huko mtandaoni, inaandikwa, na baadae inalinganishwa. Kifaa kikibadilika alama inabadilika, kwahiyo kwenu nyie mimi nimekuwa mtu mwingine. Jamani! Huku kwetu kompyuta inatibiwa, haitupwi. Upepo wa bahari una chumvi inakula vyuma vya ndani, umeme unapanda na kushuka, hii yangu ya mezani tangu niinunue imebadilishwa pawa saplai mara mbili, feni, ramu, diski mara moja na sasa mazabodi, na bado ni ile ile, iko meza ile ile, anayeikalia ni mimi yule yule. Hizo mara tatu mnazonihesabia moja ni siku niliyonunua, ya pili ni diski ilipokufa, ya tatu ni vairasi vilipoingia ikabidi nipige Windows upya. Sijawahi kumpa mtu mwingine programu yenu hata siku moja. Aliyekaa akapanga kwamba mara tatu zinamtosha mtu alikuwa anafikiria watu wanaonunua kompyuta mpya kila baada ya miaka miwili, hakutufikiria sisi.

Sasa ile mistari minne. Mliniambia toleo langu limepitwa na wakati na seva ya kulihakiki imezimwa, kwahiyo hata hiyo mara ya nne hamuwezi kunipa, ninunue toleo jipya ambalo linalipiwa kila mwezi. Mimi nililipa shilingi 410,000 kwa mkupuo na kwenye ukurasa wenu paliandikwa laiseni ya kudumu, nimeambatanisha picha yake. Kudumu kwa Kiswahili hakuna maana mbili. Kumbe mlichoniuzia ni ruhusa ya kubisha hodi kwenu kila ninapotaka kuingia chumbani kwangu, na siku mkiamua kutoitika mimi nalala nje. Microsoft walipofunga duka lao la vitabu vya kusomea kwenye kompyuta 2019 vitabu vya watu vikaacha kufunguka, ni jambo baya, lakini angalau waliwarudishia wateja pesa. Nyie hata neno pesa halipo kwenye ile mistari minne. Na kabla ya hapo, 2009, Amazon waliingia kwenye Kindle za watu, vile vifaa vyao vya kusomea vitabu, wakafuta vitabu vilivyokwisha lipiwa, wakarudisha pesa na mkubwa wao Jeff Bezos akatoka hadharani akaomba radhi. Mtu aliomba radhi kwa kitabu ambacho unaweza kukinunua tena dukani kesho. Sauti ya bibi yangu inauzwa duka gani?

Kuna jingine ambalo linanikera pengine kuliko hilo. Fundi alipokuwa anachunguza alikuta kuna kitu cha programu yenu kinawaka kila kompyuta inapowaka, hata kama sijaifungua programu yenyewe. Kinakaa huko chini, kinaangalia programu gani nyingine zipo, ndo maana kumbe programu yangu ya kunakili CD ilikuwa inagoma kila nikiwa na ya kwenu, mwaka mzima nalaumu draiva. Tukaiondoa programu yenu kwa majaribio, kile kitu kikabaki. Hakuna mahali mliponiambia kwamba nikisakinisha programu ya kurekodi naweka na mlinzi ndani ya nyumba yangu ambaye bosi wake sio mimi. Mnajua yaliyowapata Sony BMG 2005, waliweka kwenye CD za muziki programu inayojificha ndani ya kompyuta za watu ili wasinakili, akaja mtaalamu mmoja Mark Russinovich akaigundua kwenye kompyuta yake mwenyewe, na ikaonekana maficho yale yale yanaweza kuficha vairasi na kweli watengeneza vairasi wakaanza kuyatumia, kampuni ikaishia kuziondoa CD hizo sokoni na kushtakiwa. Sisemi cha kwenu kina ubaya wa kiasi hicho, sijui ndani kina nini na hapo ndipo lilipo lalamiko langu, kompyuta ni yangu, umeme nalipa mimi, bando nalipa mimi, alafu kuna kitu ndani yake kinapeleka habari kwenu na sijui ni habari gani. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Naomba mniandikie kwa maneno ya kawaida kinachukua nini, kinapeleka wapi.

Naelewa kwanini mnaweka makufuli. Msinione ni mtu anayetetea wizi, mimi nimekulia kwenye nyumba ya muziki, baba yangu mdogo alikuwa anapiga fidla kwenye kikundi cha taarabu na hii Tanga ndo mji wa Black Star na Lucky Star, nyimbo za hapa zimenakiliwa kwenye kaseti pwani yote mpaka Mombasa na Unguja na wengi walioziimba wamekufa hawana kitu. Baba mdogo alikuwa akisikia wimbo wake kwenye basi anafurahi alafu dakika hiyo hiyo ananyamaza. Ndo maana mimi nililipa. Mjini kuna vijana wanaiuza programu yenu ile ile, imekrakiwa, yaani kufuli limeshavunjwa, shilingi 5,000 kwenye flashi, nimeiona kwa macho yangu inafunguka, haiulizi seva, haihesabu mara tatu, mazabodi badilisha hata kila wiki. Kijana akaniambia mama si uchukue tu hii, nikakataa. Kufuli lenu halijamzuia yule hata siku moja, limenizuia mimi niliyelipa. Nyie mliotengeneza kitu hiki hamlioni hilo? Apple waliliona, nyimbo walizokuwa wanauza zilikuwa na kufuli, ilipofika 2009 wakaliondoa kwenye nyimbo zote na biashara haikufa.

Fundi naye ameniambia anaweza kulivunja hilo kufuli ndani ya siku mbili. Sijamruhusu bado. Najua Marekani wana sheria ya tangu 1998 inayokataza kuvunja makufuli ya aina hii na kampuni zinapenda kuitishia watu nayo, lakini nimesoma pia habari za kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, alishtakiwa kwa kushiriki kutengeneza programu ya kufungua kufuli la DVD, na 2003 mahakama ya kwao ikamwachia huru, ikasema mtu aliyenunua DVD kihalali ana haki ya kuitazama. Na yule ilikuwa ni filamu za watu. Mimi hizi ni sauti za kwetu, nimezirekodi mimi, nyie hamna haki hata ya pumzi moja ya humo ndani. Kwanini nionekane mwizi kwa kufungua sauti ya bibi yangu?

Ninachotaka ni hiki. Nipeni namba ya kufungua ambayo haihitaji seva wala intaneti, mnaweza, mlipokuwa mnazima hiyo seva mlikuwa na uwezo wa kutoa apdeti ya mwisho inayoondoa kufuli kwa kila aliyelipa na bado mnaweza kuitoa leo. Kama hilo mnaona zito sana basi nitumieni kitu cha kugeuza mafaili yangu yawe WAV ya kawaida, faili la sauti linalofunguka na programu yoyote, ninayo kazi 63, thelathini na kitu ni za wateja ambao wameshanilipa na wananipita sokoni wananiangalia vibaya, nimeanza kupita njia ya nyuma. Na kile kitu cha chini mnitumie namna ya kukitoa chote kisibaki. Pesa zangu mkitaka kurudisha rudisheni lakini msidhani zitamaliza habari, faili ndo habari.

Nawapa siku 21. Zikipita napeleka malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na risiti, picha ya ukurasa wenu uliosema laiseni ya kudumu, na mistari yenu minne.

Shangazi yangu, bibi harusi wa 1987, anakaa Pangani na kila mwisho wa mwezi akija mjini anapitia kwangu, anakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kompyuta ananiuliza mwanangu leo imefunguka? Ijumaa iliyopita nilimwambia bado, akasema haya, akabeba kikapu chake akaenda stendi.

Faili linaitwa harusi_bibi_upande_A. Lipo kwenye diski, nalionyesha hata sasa hivi kwa mshale wa mausi, lina ukubwa wa megabaiti 412.

Mteja wenu,
Makorora, Tanga
(Namba ya oda na risiti nimeambatanisha)