Shukrani kwa mzee wa soko la Memorial, Moshi

Shikamoo mzee wangu. Jina hukutaja, nami sikuwahi kuuliza. Mimi ni yule dada aliyekuwa akichambua mitumba akitafuta nguo nyepesi za kuvaa kwenye kayaki, wewe ukasikia "Pangani" ukageuka. Asante sana.

Sisi wa mlimani maji tunayajua yakishuka tu. Ulinieleza, bila haraka, kwamba pwani maji hujaa na kupwa, kila zamu saa sita hivi, na kwamba mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvu, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, mkondo ukawa mkali mlangoni mwa mto. Ukasema: pandeni na maji yanayojaa, yawasukume hadi kwenye mikoko, yakigeuka, shukeni nayo. Tukafanya hivyohivyo. Makafi yalikuwa kama pambo! (Mwenyeji wetu kule naye alipanga vivyo hivyo, ila sisi tulikwishajua sababu.)

Na lile la Mto Pangani kukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru nililirudia mpaka wenzangu wakanichoka.

Ukipita tena Memorial, niulizie kwa akina mama wa mashuka. Nina deni lako la mtori.