Barua kwa mwanangu: "Msumbiji" ni bandari, si kabila

Mwanangu mpendwa,

Unatafuta jina la ukoo wa mama yako katika madaftari ya watumwa ya Mauritius. Acha kwanza, utapoteza miezi. Mtumwa aliandikwa kwa jina moja tu: Azor, Télémaque, Jolicoeur. Ukoo wengi waliupata baada ya uhuru, na mara nyingi jina hilohilo moja la baba ndilo lililogeuka ukoo wa wanawe.

Anza na wazee walio hai, urudi nyuma hati kwa hati. Omba cheti cha ndoa kabla ya cha kuzaliwa, kwa sababu ndoa hutaja wazazi wa pande zote mbili. Karani aliandika alivyosikia, basi lisome jina kwa sauti, usishikilie herufi. Jihadhari pia na ubatizo. Padri Laval alifika kisiwani 1841 na waliokuwa watumwa wakabatizwa wakiwa watu wazima, kwa hiyo tarehe ya ubatizo haikuambii mtu alizaliwa lini.

Utumwa ulikomeshwa tarehe 1 Februari 1835, lakini "uanagenzi" uliwafunga kwa mabwana walewale hadi 31 Machi 1839. Ukifika hapo, geuka umtafute bwana, maana karatasi zilimfuata yeye. Uingereza iliwalipa mabwana wa makoloni yake fidia ya pauni milioni 20, na zaidi ya milioni 2 zikaenda Mauritius. Watumwa hawakupewa hata senti, na hilo bado linaniuma. Hata hivyo madai hayo ya fidia ndiyo yatakayokupa jina la bwana, na kwa jina hilo utafungua madaftari ya usajili yaliyoanza 1817, ambayo yako kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, fungu T 71.

Tuseme umekuta mstari huu: Azor, Mozambique, miaka 27, pioche, kisha kimo na alama za mwilini. Pioche ni mtu wa jembe shambani. Mozambique, yaani Msumbiji, usilisome kama kabila. Liliwafunika watu wa pwani yetu na bara yake: Wamakua, Wayao, na waliotembezwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Mwaka 1776 Morice, Mfaransa mfanyabiashara wa watumwa, aliandikiana na Sultani wa Kilwa mkataba wa watumwa 1,000 kwa mwaka, piastre (sarafu za fedha) 20 kila kichwa. Mtu aliyepakiwa Kilwa huenda hakuwa Mkilwa kabisa. Na Créole katika safu hiyo ya asili maana yake ni mzaliwa wa kisiwani, basi ndugu wa tumbo moja wanaweza kuandikwa Créole na mama yao Mozambique.

Umri nao ulikadiriwa kwa macho. Mpe nafasi ya miaka mitano huku na huku, kisha linganisha kimo na kazi kutoka daftari moja hadi jingine. Waliovushwa kwa magendo baada ya biashara kupigwa marufuku, mabwana waliwaandikisha kwa uongo ili wasikamatwe, kwa hiyo mtu akitokea ghafla usidhani amezaliwa mwaka huo.

Safu ya alama usiiruke. Hizo chale za usoni ni nembo ya kabila. Zinakili neno kwa neno kwa Kifaransa chake, na mahali zilipo mwilini, unitumie. Huku Masasi wazee wa Kimakua wapo, nitawaonyesha.

Baba yako