Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Timu ya Mpira wa Kikapu, Bagamoyo

Wazee wetu, wazazi, wachezaji na ndugu wanachama wote mliofika,

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, nami sitaziingilia. Naanza na ringi ya upande wa baharini, kwani ndiyo iliyotutesa kuliko kitu chochote mwaka huu. Chumvi iliila hadi ikang'oka katikati ya mazoezi. Tunamshukuru Mungu haikumwangukia mtu. Fundi wa kuchomelea akairudisha, tukafurahi, vijana wakaendelea kurusha. Zikapita wiki kabla hatujang'amua kuwa imekaa chini ya kipimo. Kutoka sakafuni hadi kwenye ringi ni mita 3.05, yetu ilipungua, na mikono ya vijana ikazoea upungufu huo. Tulipokwenda kucheza Dar es Salaam, mitupo huru ikawa inagonga chuma kwa mbele na kurudi, mmoja baada ya mwingine. Mechi tuliipotezea pale. Wachezaji hawana kosa. Kamati ndiyo haikushika futi, na kwa niaba yake nawaomba radhi. Siku hizi tunapima kila mwanzo wa mwezi.

Lingine lilinigusa zaidi. Timu ngeni ilipotutembelea, nahodha wao alimwuliza binti yetu mmoja, mzaliwa wa kata ya Dunda (jina linalowafaa wacheza kikapu), lile jengo la karavani lilikuwa la kazi gani. Binti akanyamaza, asijue kuwa ndiko ilikofikia misafara ya wapagazi kutoka bara. Niliumia, maana sisi wakubwa ndio hatukumwambia.

Tangu hapo, Jumamosi baada ya mazoezi, mzee mmoja wa mji huwatembeza wachezaji. Wamefika Kaole kwenye magofu ya misikiti na makaburi yenye minara. Wamefika Misheni, iliyoanzishwa 1868, wakasimama kwenye mnara ambamo mwili wa mmisionari Livingstone ulilazwa usiku mmoja, Februari 1874, baada ya watumishi wake, akina Susi na Chuma, kuubeba kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Wameliona Boma la Wajerumani la 1897. Na wamesikia maana zote mbili za jina la mji wetu: wapagazi waliotua pembe za ndovu wakabwaga moyo kwa kupumzika, na watumwa waliobwaga moyo hapa kwa sababu mbele yao kulikuwa na jahazi tu. Nataka mgeni asimuliwe zote mbili. Ile ya kwanza peke yake ni tamu mno kwa mji uliopitiwa na minyororo.

Kuna mwaka mmoja ambao sasa vijana wanaukumbuka bila kuulizwa. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam, na Bagamoyo ikaanza kupungukiwa na watu wake. Desemba ya mwaka huohuo, Springfield huko Marekani, mwalimu James Naismith alitundika vikapu viwili vya matunda ukumbini, na mchezo wetu ukazaliwa. Njia ile ya kwenda Dar es Salaam haijafungwa: wachezaji wetu wazuri bado wanaifuata, kwa masomo au kazi. Siwalaumu. Wanaporudi sikukuu na kuingia uwanjani na wadogo zao, mazoezi ya siku hiyo huwa na moto wake.

Timu ya wasichana imekua, lakini bado inasubiri wavulana wamalize, ikianza jua limekwisha zama, na taa hatuna. Hilo si haki. Napendekeza siku tatu za wiki uwanja uwe wao kuanzia saa kumi jioni.

Nauli za safari za mwakani na ubao wa upande wa mjini, ambao umeoza pembeni, vyote vinahitaji uamuzi wenu leo. Naomba tuanze na saa za wasichana, kisha ubao.