Barua ya wazi kwa Kamishna wa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani: Asiye na pesa mwambieni afaili ritani kwanza

Mheshimiwa Kamishna,

Nakuandikia kwa cheo, si kwa jina, maana mwaka 2025 pekee kiti chako kilikaliwa na watu zaidi ya watano. Nakuandikia pia kwa Kiswahili, kwa kuwa wanaoumia ni wasemaji wake: madereva wa malori na wa teksi za programu, akina mama wanaotunza wazee majumbani, wanaosafisha ofisi usiku, kuanzia Dallas mpaka Lowell na hapa Columbus. Wengi hawana mwajiri kwenye karatasi. Wamepewa fomu 1099, ya malipo ya asiye mwajiriwa, wakaambiwa wamejiajiri.

Kule tulikotoka, aliyejiajiri ni mwenye duka, genge au bodaboda yake. Hapa unaweza kuendesha lori lenye jina la kampuni mlangoni, ukapangiwa mzigo na saa ya kuondoka, ukakatwa dizeli, bima na pesa ya trela kila Ijumaa, na bado ukaitwa mkandarasi huru. Mwisho wa mwaka ndipo inapokuja kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3: 12.4 ya Social Security, yaani pensheni ya serikali, na 2.9 ya Medicare, bima ya afya ya wazee. Mwajiriwa hukatwa nusu tu, nusu ya pili analipa tajiri wake. Aliyejiajiri anabeba zote mbili, tena hakuna anayemkatia kidogo kidogo. Anatakiwa alipe mwenyewe kwa awamu nne, Aprili, Juni, Septemba na Januari, lakini siku anayokabidhiwa funguo za lori hakuna anayemtajia hata mwezi mmoja kati ya hiyo.

Chukua dereva aliyebakiwa na faida ya dola 40,000 baada ya gharama zote. Kodi ya kujiajiri peke yake inafika kama dola 5,650, hapo hujagusa kodi ya mapato. Pesa hizo hana. Zimekwenda kwa mwenye nyumba, kwenye karo ya mdogo wake aliyeko Eldoret, na kwenye michango ya misiba, ambayo kwetu mtu haiachi hivi hivi. Ndipo anaposhauriwa na wenzake wakiwa wamesimama kujaza mafuta: mwaka huu usifaili ritani ya kodi, ukifaili watakujua.

Ushauri huo ndio unaotumaliza, Mheshimiwa. Kumjua mnamjua tayari, kwani kampuni ilishawaletea nakala ya 1099 yake. Kwa kukimbia, anajiongezea mzigo. Asiyewasilisha ritani anatozwa asilimia 5 ya deni kwa kila mwezi, hadi asilimia 25. Aliyewasilisha akakosa pesa anatozwa nusu ya asilimia moja tu kwa mwezi. Kwa deni la dola 5,650, miezi mitano ya kujificha inagharimu zaidi ya dola 1,400. Miezi mitano ya kufaili bila kulipa, kama dola 140. Riba iko pande zote mbili. Nimekuwa nikiwaeleza madereva hesabu hii kwa miaka, na karibu wote huniuliza swali moja: mbona hakuna aliyetuambia?

Niliwahi kuletewa na dereva mmoja mfuko wa plastiki wa dukani uliojaa bahasha zenu, nyingi hazijafunguliwa. Ya chini kabisa ilikuwa CP59, ile inayouliza ritani iko wapi. Ya juu ilikuwa LT11, onyo la mwisho kabla ya kukamata akaunti na mapato, na zile siku 30 za kuomba kusikilizwa zilikuwa zimeshapita. Katikati mlikuwa mmekaa mkamtengenezea ritani ninyi wenyewe. Sheria inawaruhusu. Ila mnapofanya hivyo mnatumia 1099 peke yake. Dizeli hamuijui, matairi hamyajui, bima hamuijui. Mtu aliyelipwa dola 120,000 na kubakiwa na 40,000 anahesabiwa kana kwamba zote 120,000 ni faida, na kodi ya kujiajiri inaruka hadi karibu dola 17,000. Kwa bahati, anaweza bado kuwasilisha ritani yake halisi na kuomba mrekebishe. Lakini aliyeogopa bahasha atajuaje?

Deni likishafika mahali halilipiki, watu huanza kunong'ona habari za kufilisika. Mtaani inaaminika kwamba deni la serikali halifutwi na mahakama yoyote. Si kweli. Kodi ya mapato, pamoja na hii ya kujiajiri, inaweza kufutwa chini ya Sura ya 7 ya sheria ya kufilisika ikiwa imepita miaka 3 tangu tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya mwaka ule, miaka 2 tangu ritani yenyewe ilipowasilishwa, na siku 240 tangu ninyi mlipoliandika deni vitabuni, na pasiwe na udanganyifu wala kukwepa kwa makusudi. Hata hapo, dai mlilokwisha kulisajili juu ya nyumba au gari linabaki. Wenye kipato cha kuaminika wana Sura ya 13, ya kulipa kwa mpango wa mahakama kwa miaka 3 hadi 5.

Sasa tazama sharti la pili. Asiyefaili, hesabu ya miaka yake 2 haijaanza hata siku moja, na ritani mliyomtengenezea ninyi haihesabiwi kuwa yake. Texas hali ni mbaya zaidi. Mwaka 2012, katika kesi ya McCoy, mahakama ya rufaa inayosimamia jimbo hilo iliamua kwamba ritani iliyochelewa, hata kwa siku moja, kwa kawaida haifungui mlango wa msamaha. Ile inayosimamia Massachusetts ikafuata njia hiyo mwaka 2015. Wanasheria wenu wenyewe hawakubaliani na ukali huo, nami nawapongeza, lakini jaji wa Dallas hafuati maoni yenu.

Wengi hawahitaji kufika mahakamani. Mna malipo ya awamu, mna kusimamisha ukusanyaji kwa mtu ambaye hali yake ni ngumu, mna maafikiano ya kulipa pungufu, na kuna kliniki za kodi kwa wenye kipato kidogo ambazo hazitozi au hutoza kidogo sana. Badala yake watu wetu wanawalipa matapeli wa redioni maelfu ya dola ili wajaziwe fomu ambazo kliniki ingewajazia.

Ninachoomba ni hiki. Kwenye CP59, juu kabisa na kwa herufi kubwa, andikeni: faili hata kama huna pesa, kisha muweke ile asilimia 5 na ile nusu ya asilimia kando kwa kando. Kwenye Schedule LEP, ambapo mlipakodi anachagua lugha ya barua zake, Kigujarati kimo na Kikhmer kimo; ongezeni Kiswahili. Na kabla hamjamtengenezea mtu ritani, atumiwe karatasi moja ya kujaza gharama za lori. Kuhusu kampuni zinazowaita waajiriwa wao wakandarasi, fomu SS-8, ya kuwaomba ninyi muamue kama mtu ni mwajiriwa au mkandarasi, ipo, lakini dereva anayeogopa kukosa mzigo wiki ijayo hawezi kuijaza peke yake. Wakaguzi mnao. Waanzie huko.

Wako,
Mtunza hesabu za madereva,
Columbus, Ohio